Kosa la Kusafisha Maji Safi

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu haijanikosea kitu na nina ndugu wengi wanaoishi humo. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji ya Wilaya ya Magadini kwa miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri, na kuiweka mahali ambapo haitamsumbua mtu tena. Sasa nimestaafu. Siasa sizielewi, na siku nikizielewa huwa nachoka. Nitaeleza tu yaliyompata Sikudhani, kwa kuwa barua zake zote zilipita mikononi mwangu, na kwa kuwa sioni mtu mwingine atakayejisumbua kuyaeleza.

Sikudhani alikuwa mpima maji wa wilaya. Alizaliwa palepale Magadini, na mtu aliyezaliwa Magadini hujulikana akifungua mdomo. Maji ya visima vyetu yana floraidi nyingi. Ni madini yasiyo na rangi, harufu wala ladha. Yakiwa kidogo hayana neno. Yakiwa mengi, na ukayanywa tangu utotoni, meno yanakuwa ya kahawia kama yaliyolowekwa kwenye chai ya rangi, na ukizidi kunywa, mifupa inaanza kupinda. Sikudhani alikuwa na meno hayo. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona picha yake akitabasamu.

Si kwamba Serikali haikulijua tatizo. Mwaka mmoja Wizara ilimtuma mpiga picha aje kuwapiga picha wananchi wenye furaha kwa ajili ya kalenda ya taifa. Picha zilipofika makao makuu kiliitishwa kikao cha dharura cha siku mbili, na baada ya wiki moja tukapokea waraka. Ulisema hivi: "Kuanzia tarehe ya waraka huu, wananchi wa Wilaya ya Magadini watafurahi midomo ikiwa imefungwa."

Tulitii. Sisi ni watu watiifu.

*

Kisha mvua zikakata kwa miaka mitatu. Mto uliokuwa ukitupa maji ya kuchanganya na ya visima ulikauka, watoto wakawa wanacheza mpira humo. Tukabaki na visima peke yake. Mataifa rafiki yakatuonea huruma, yakatupa mtambo wa kisasa wa kusafisha maji.

Ulikuwa mtambo mzuri, mrefu kama mabasi mawili, wenye mabomba manene yanayong'aa. Ndani ya kila bomba, kwa mujibu wa maelezo, huwekwa utando maalumu wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakisukumwa kwa nguvu hupenya, floraidi na chumvi zikabaki nyuma. Huko kwingine duniani utando wa namna hiyo hugeuza hata maji ya bahari yakanyweka.

Mtambo ulifika. Utando haukufika. Ulizuiliwa bandarini, kwa sababu afisa mmoja aliufungua akauona umeviringishwa kama jora la kitambaa, na katika nchi ile kitambaa hakiingii bila kibali cha Wizara ya Utamaduni na Mavazi. Wizara ya Utamaduni na Mavazi ikauliza kama vazi hilo ni la kike au la kiume. Wizara ya Maji ikajibu kwamba si vazi. Wizara ya Utamaduni na Mavazi ikajibu kwamba kama si vazi, basi haihusiki nalo, na jambo isilohusika nalo haiwezi kulitolea kibali. Nakala za barua hizo zililetwa kwetu. Lugha yake ilikuwa nzuri sana.

Wakati huo siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Mkuu wa Nchi alikuwa njiani. Mtunza mtambo, mzee mmoja mpole aliyeitwa Fundi Matei, alimsogelea Waziri kando ya jukwaa. Waziri huyo alikuwa Dokta Lutengano, Waziri wa Maji, Usafi wa Maji na Sifa za Maji.

"Mheshimiwa," Fundi Matei alisema kwa sauti ya chini, "ndani ya mabomba hamna kitu. Maji yataingia upande huu yatoke upande ule vilevile yalivyo."

"Lakini yatatoka?" Waziri aliuliza.

"Kutoka yatatoka, Mheshimiwa."

"Basi mtambo unafanya kazi," alisema Waziri, akapanda jukwaani.

Alihutubia saa moja na nusu juani. "Ndugu wananchi!" alisema. "Floraidi ilikuja hapa bila kualikwa! Ikakaa bila kibali! Leo inaondoka, na wala haituagi!" Tulipiga makofi, midomo imefungwa. Mkuu wa Nchi akakata utepe, akafungua koki, akainua glasi ya maji akanywa yote. Maji ya glasi ile yalitoka kwenye chupa, nilikuwa nimesimama karibu na aliyeyamimina, lakini lebo ilikuwa imebanduliwa kwa heshima.

Tangu siku hiyo mtambo ule ukawa chini ya ulinzi wa sheria inayosema kuwa kitu kilichofunguliwa na Mkuu wa Nchi hakiwezi kuwa kibovu.

*

Siku ya nne Sikudhani alikwenda kupima, kama kazi yake ilivyomtaka. Alikuwa na kifaa kidogo kama redio ya mfukoni. Alichota maji yanayoingia kwenye mtambo, akachota yanayotoka, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Mkuu wetu wa ofisi, Bwana Kahigi, alimwita. Bwana Kahigi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shinikizo la damu, na alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Sikudhani, hii ni nini?"

"Ripoti, bosi."

"Umeandika yanayoingia miligramu sita kwa lita. Yanayotoka, miligramu sita kwa lita."

"Ndivyo yalivyo."

"Labda umepima upande mmoja mara mbili."

"Nimepima kila upande mara tisa."

Bwana Kahigi alivua miwani akajikanda macho. "Hapo ndipo ulipokosea, binti yangu. Ungepima mara moja, tungekuwa hatuna uhakika."

Hata hivyo aliipeleka, na hilo nampa sifa yake. Ripoti ilipanda hadi Wizarani, ikakaa miezi mitano, ikashughulikiwa na Kamati ya Viwango. Kiwango cha floraidi kinachoshauriwa duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu moja na nusu kwa lita. Kamati ilichunguza kwa kina ikabaini kwamba maji ya Magadini hayana tatizo lolote, mwenye tatizo ni kiwango. Wakakipandisha hadi miligramu nane. Jumatatu tulikuwa tunakunywa maji machafu. Jumanne, kwa maji yaleyale, tukawa tunakunywa maji safi yenye ziada ya miligramu mbili. Waziri alisema redioni kwamba nchi yetu ni ya kwanza duniani kusafisha maji bila kuyagusa. Mbunge wetu aliuliza bungeni kama ile ziada ya miligramu mbili inaweza kugawiwa wilaya jirani. Akaahidiwa kwamba Serikali inalifanyia kazi.

*

Nyuma ya ofisi yetu palikuwa na bomba la mtaa lililoletewa maji kutoka kwenye mtambo, na karibu na bomba hilo mama mmoja aliuza vitumbua. Tulimwita Mama Kabula, kwa jina la binti yake wa miaka saba. Kabula alikuwa na miguu iliyoanza kupinda magotini ikatazamana. Akienda shule alisimama mara tatu njiani kupumzika, na alikuwa na adabu ya kujifanya kila mara kwamba amesimama kutazama kitu.

Asubuhi moja Mama Kabula aliacha kikaango chake akaingia ofisini moja kwa moja hadi kwenye meza ya Sikudhani.

"Dada Siku, za asubuhi. Nimekuja kukuuliza neno moja tu. Maji yale ni safi?"

Sikudhani alinitazama. Mimi nilitazama faili.

"Kiserikali ni safi," alijibu.

"Sijakuuliza kiserikali. Nimekuuliza wewe."

Feni ilikuwa ikizunguka polepole. Nakumbuka nilitamani ipige kelele zaidi.

"Si safi, Mama Kabula," Sikudhani alisema. "Ni yaleyale ya zamani."

Mama Kabula hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wageni, mikono yake yenye unga ikiwa juu ya magoti. "Miezi minane sasa," alisema. "Kila siku namwambia anywe mengi. Anakataa, anasema ameshiba, namlazimisha. Nilidhani yanamnyoosha."

Alipoondoka, Sikudhani alikaa bila kugusa kitu hadi saa ya chakula, na saa ya chakula ikapita hajainuka. Kisha akaniuliza, "Kaka, machinjioni huwa wanaitupa wapi mifupa?"

*

Kumbe chuoni alikuwa amefundishwa njia moja ya kuondoa floraidi ambayo haihitaji utando, wala umeme, wala bandari. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lililozibwa, pasipo hewa nyingi, hadi inakuwa mkaa mweusi. Mkaa huo unapondwapondwa kama chenga za mchele, unaoshwa, unajazwa kwenye ndoo yenye koki chini. Ukimwaga maji juu yakashuka taratibu, mkaa unaikamata floraidi. Baada ya miezi michache mkaa unachoka, unaweka mwingine. Basi.

Yeye na Mama Kabula walijenga tanuri uani kwa mama huyo, kwa matofali ya kuokota na udongo. Mara ya kwanza walichoma kupita kiasi, mifupa ikawa myeupe kama chokaa, haikufaa kitu. Mara ya pili hawakuchoma vya kutosha, maji yakatoka yananuka supu. Mara ya tatu mkaa ulitoka mweusi sawasawa. Sikudhani alipima maji ya ndoo ile, akakipiga kifaa chake kofi kidogo, akapima tena. Sifuri nukta saba.

"Ni safi kiserikali au kwako wewe?" Mama Kabula aliuliza.

"Kwangu mimi," alisema Sikudhani. "Mpe mtoto."

Majirani walikuja kuona. Wakawa na swali moja zito: ni mifupa ya mnyama gani? Sikudhani hakuwacheka. Alikwenda machinjioni, akamleta imamu na akamleta mchungaji wa kanisa, wakasimama wote wawili mbele ya rundo la mifupa wakaikagua mmoja mmoja. Walikubaliana kwamba ni ya ng'ombe. Wazee walisema hao wawili hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu ugomvi wa vipaza sauti vya msikiti na kanisa.

Baada ya miezi mitatu mtaa mzima ulikuwa na ndoo, na mitaa mingine mitatu ilikuwa imejenga matanuri. Harufu ilikuwa mbaya, siwezi kusema uongo. Upepo ukivuma kuelekea ofisi za wilaya, wageni walishika pua. Na mgeni mmoja aliyeshika pua alikuwa katibu wa Waziri.

*

Iliundwa Kamati ya Kulinda Heshima ya Mtambo. Ilikaa katika ukumbi wa wilaya, wajumbe saba, mwenyekiti wake Dokta Lutengano mwenyewe. Kila mjumbe alikuwa na chupa ya maji mbele yake, na zote saba zilikuwa zimetoka nje ya nchi. Mimi niliwekwa kuandika kumbukumbu. Walioitwa mbele walikuwa wawili, Sikudhani na Mama Kabula.

"Mnatuhumiwa kusafisha maji safi bila kibali," Waziri alisoma. "Mnakiri?"

"Mheshimiwa, naomba kuuliza," alisema Sikudhani. "Kama maji yalikuwa safi, ndoo zetu zimetoa nini ndani yake?"

Wajumbe walinong'onezana kwa muda mrefu. Hatimaye mjumbe aliyekuwa mwanasheria alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali hili ni zuri, na limetusaidia. Mtuhumiwa anakiri kuwa ametoa kitu, na kitu hicho ni floraidi. Floraidi ni madini. Kwa sheria za nchi hii madini yote, yawe ardhini au majini, ni mali ya taifa. Kwa hiyo mtuhumiwa hakusafisha maji tu. Amechimba madini bila leseni."

Waziri aliandika jambo hilo yeye mwenyewe, akaniomba nimtajie herufi za neno floraidi.

"Nyie kina mama," alisema akimgeukia Mama Kabula, "Serikali imewaletea mtambo wa kisasa, nyie mnarudi kwenye mifupa! Wageni wetu watatuonaje? Una la kujitetea?"

"Mimi si msemaji, baba," alisema Mama Kabula. Akageuka nyuma walikokuwa wamekaa wananchi. "Kabula, njoo. Nenda pale mbele ukamwamkie yule mzee."

Ukumbi ule ni mrefu. Ulijengwa kwa mikutano mikubwa. Kabula alitoka benchi la nyuma akaanza kutembea katikati, magoti yakigongana, mkono mmoja ukishika mabega ya watu waliokaa pembeni. Alisimama mara moja njiani, akatazama picha iliyotundikwa ukutani, akaendelea. Alipofika mezani aliinamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Waziri. Aliitazama ile miguu, kisha akazitazama karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimeshapangwa. "Mtoto ana adabu sana huyu," alisema. "Andika kwenye kumbukumbu kwamba mtoto ana adabu."

Niliandika. Niliandika pia uamuzi. Matanuri yavunjwe. Sikudhani apewe onyo kali. Mkaa wote wa mifupa uliokamatwa, magunia sitini na mawili, uhifadhiwe kama ushahidi ndani ya mtambo wa maji, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee katika wilaya penye uzio na kufuli.

Jioni hiyo hiyo askari walipita na lori. Wanawake walisimama milangoni wakitazama ndoo zao zikimwagwa. Sikudhani alikuwa amesimama pamoja nao. Mtu mmoja alimwambia, "Umetuponza, dada," na ilikuwa kweli.

*

Kwa wiki mbili Sikudhani hakwenda popote isipokuwa kazini. Alikuja, akakaa, akaondoka. Siku ya kupima ilipofika alibeba kifaa chake, akanyanyua miguu kama amefungiwa mawe, akaenda kwenye mtambo kwa sababu ratiba ilisema aende. Mimi nilifuatana naye, kusema kweli nilikuwa na wasiwasi asije akajidhuru.

Alipima maji yanayoingia. Sita. Akapima yanayotoka. Alikitazama kifaa, akakifuta kwa upande wa khanga, akachota upya.

"Sifuri nukta tisa," alisema. Akanipa nisome mimi. Ilikuwa sifuri nukta tisa.

Fundi Matei alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, anamenya muwa kwa kisu.

"Mzee Matei," Sikudhani alimwita, "umefanya nini?"

"Mimi? Nimetekeleza amri," alisema yule mzee. "Amri imesema ushahidi uhifadhiwe ndani ya mtambo. Nimezunguka nikitafuta, nikaona ndani ya mabomba ndiyo ndani hasa. Yalikuwa matupu. Nimeweka na wavu huku na huku, ushahidi usije ukapotea."

Sikudhani alicheka. Alicheka kwa sauti hadi akashika ukuta, na alisahau kabisa kuziba mdomo. Kisha vicheko vikawa kilio, Fundi Matei akasogea akampa kipande cha muwa, akarudi kukaa.

Hivyo ndivyo mtambo wa Magadini ulivyoanza kufanya kazi, mwaka mmoja na nusu baada ya kufunguliwa. Sikudhani alikimbia kumwambia Bwana Kahigi. Alikuwa ameandika ripoti mpya, mara hii amepima mara moja tu.

Bwana Kahigi aliisoma, akafunga mlango.

"Nimefurahi," alisema. "Kutoka moyoni. Lakini haiwezi kwenda."

"Kwa nini, bosi? Mtambo unafanya kazi!"

"Mtambo ulikuwa unafanya kazi tangu siku ya kwanza. Ukiandika kwamba sasa maji yamekuwa safi, utakuwa umesema kwamba mwanzo yalikuwa machafu. Na ukisema kilichoyasafisha ni mifupa, watakwenda kuitoa." Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni mwa shati lake. "Acha watu wanywe. Tusimwambie mtu yeyote anayeweza kusaidia."

*

Tatizo, kama nilivyoeleza, ni kwamba mkaa wa mifupa unachoka. Mwezi wa nne kipimo kilianza kupanda: moja nukta mbili, moja nukta sita. Kuchoma mifupa kulikuwa kosa. Kuingia kwenye mtambo bila kibali kulikuwa kosa jingine. Sikudhani alimweleza Mama Kabula, Mama Kabula akawaza siku nzima huku akigeuza vitumbua.

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi na gunia kichwani.

"Nimekuja kujisalimisha," alimwambia askari wa zamu. "Nimechoma mifupa. Huu hapa mkaa."

Askari alifungua jalada, akaandika maelezo, akatazama mwongozo. Mwongozo ulisema ushahidi wote wa kosa la aina hiyo upelekwe ndani ya mtambo. Mama Kabula akapewa onyo, gunia likapelekwa kwa Fundi Matei, Fundi Matei akalihifadhi anakojua yeye.

Alhamisi iliyofuata walijisalimisha wanawake kumi na mmoja. Baada ya hapo wakawa wanapangiana zamu kwa mitaa. Kila mwanzo wa mwezi foleni ya wahalifu ilitoka kituoni ikapinda hadi sokoni, kila mmoja na gunia lake, wakipiga soga. Mke wangu naye alijisalimisha mara mbili. Nilimpa kofia yangu, jua lisimchome. Askari walilalamika kuandika hadi vidole vikafa ganzi, lakini nao walikuwa na watoto, na hawakumfukuza mtu.

Miguu ya Kabula haikunyooka. Mifupa ikishapinda haisikii dawa hiyo. Lakini iliacha kupinda, na daktari wa wilaya alisema hilo ni kubwa. Mama yake alikubali kwamba ni kubwa. Alikubali kwa kutikisa kichwa tu.

Huko juu walisoma takwimu, za vipimo vya Wizara na za polisi. Waliona kwamba Magadini ndiyo wilaya yenye maji bora kuliko zote, jambo walilolitegemea, na kwamba ndiyo yenye wahalifu wengi wanawake kuliko zote, jambo lililowasikitisha. Dokta Lutengano alikwenda ng'ambo kupokea tuzo ya teknolojia ya maji safi. Katika hotuba yake aliusifu ule utando kwa dakika arobaini. Utando wenyewe bado ulikuwa bandarini. Nasikia Wizara ya Utamaduni na Mavazi imeshakubali kwamba ni vazi, imebaki kupatana juu ya kipimo cha kiuno.

Aliporudi alitaka kujua chanzo cha uhalifu. Akatajiwa jina.

Barua ya uhamisho niliipokea mimi. Sikudhani alipelekwa Wilaya ya Ukavuni, ambako kwa kumbukumbu za Wizara hakuna maji ya aina yoyote, akapime ubora wake. Nilikaa na barua ile siku mbili, nikifikiri kuiweka mahali isikoweza kuonekana. Nilikuwa na ujuzi huo. Lakini nilimpa. Niliogopa. Nalisema hili bila kuomba msamaha.

Aliisoma amesimama. "Kupima nimeshamfundisha Mama Kabula, na nitamwachia kifaa cha akiba," alisema. "Ana mkono mzuri kuliko wangu." Akanishukuru, sijui kwa lipi.

*

Baadaye aliniandikia jinsi alivyofika. Gari lilimshusha kwenye njia panda saa nane mchana, vumbi tupu, hakuna mti. Alitembea hadi kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mwembamba aitwaye Nyanzobe. Alimkaribisha, akamtandikia ngozi ukutani penye kivuli, akaingia ndani akakaa kidogo. Alitoka na kikombe cha bati amekishika kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa ya rangi ya udongo. Sikudhani alijua, bila kupima, karibu kila kitu kilichokuwa ndani yake. Alijua pia, kwa jinsi yule bibi alivyotembea taratibu asimwage hata tone, kwamba alikuwa anapewa maji ya nyumba nzima.

Kifaa chake kilikuwa mkobani. Hakukitoa. Alipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Asante, bibi," alisema. "Wizarani waliniambia hapa hakuna maji."

"Yapo, mwanangu," alisema Bibi Nyanzobe. "Ni mbali tu."

"Mbali kiasi gani?"

Yule bibi alinyoosha mkono kuelekea vilima, ukabaki juu muda mrefu, kama mtu anayehesabu njia yote kwa hatua. Sikudhani alivitazama vile vilima. Aliniandikia kwamba alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya maisha yake, na kwamba hakuwa na mpango wowote kichwani. Alirudisha kikombe, akaomba aazimwe ndoo.